Tusheni ya fasihi ya Kijerumani na Kiholanzi Mji Mkongwe: maoni yangu baada ya kumaliza kozi

Watu wengi wananiuliza kwenye grupu kuhusu ile tusheni ya fasihi ya Wajerumani na Waholanzi inayosomeshwa ghorofani kule ndani ya Mji Mkongwe, kama inafaa, kama mtu wa kawaida anaweza kufuata, kama pesa haiendi bure, sasa bora niandike mara moja hapa niwache kumjibu mmoja mmoja. Jina la pahala sitii wala namba ya maalim, kaniomba mwenyewe nisiweke kwa vile chumba hakina nafasi ya watu zaidi, na pia kuna mambo nitayasema hapa hayatompendeza. Anayepajua anapajua.

Nianze na la muhimu. Kama unatafuta Kijerumani cha viza, yaani unataka cheti cha A1 umfuate mume au ukalee watoto wa watu kule, usende. Hapatolewi cheti na hakuna mtihani, kwa hilo panda boti nenda Goethe-Institut Dar es Salaam ukafanye mtihani unaotambulika. Na kama ni muongoza watalii unataka maneno ya haraka haraka ya kuuzia safari ya Changuu pia utachoka mapema, maana utakaa pale unawasikiliza watu wazima wanabishana nusu saa juu ya bibi mmoja wa Kijerumani aliyempa mumewe kipande cha mkate. Lile ni darasa la kusoma hadithi na mashairi, basi. Wanataka uwe na Kijerumani cha kuanzia, uweze kusoma sentensi kwa sauti na kuelewa nusu yake, nusu ya pili mnasaidiana.

Mie nimeridhika nayo, tena sana. Ila nimeridhika kwa sababu nyengine kabisa kuliko ile iliyonipeleka. Nilikwenda kwa ajili ya waandishi wa lugha ya Kijerumani, akina Goethe na Kafka, na ile sehemu ya Kiholanzi sote tuliiona kama kijazio tu cha mwisho wa kozi, kumbe wallahi ndo iliyobeba kozi nzima. Nitaifikia.

Pahala penyewe sasa. Ghorofa ya pili, ngazi za mbao za kizamani zimesimama wima kama za kupandia darini, mwenye magoti mabovu ajiandae. Chumba kizuri, dirisha kubwa linatazama uchochoro, feni moja, viti havilingani. Tunaanza saa kumi na nusu, yaani saa kumi na nusu ya Kiunguja ukifika na kumi na moja kasorobo hujachelewa, mpaka inapoadhiniwa Magharibi. Ada ni 40,000 kwa mwezi na inalipwa mbele, ukikatiza njiani hurejeshewi. Kwa mji huu ambapo tusheni ya hesabu tu ya mtoto wa skuli ishapanda bei, si mbaya.

Kinachokera ni fotokopi. Vitabu vyenyewe ni nakala moja moja za maalim alizorudi nazo kutoka masomoni, zishachoka, kwa hivyo kila kitu kinatolewa fotokopi, na fotokopi inatolewa kutoka kwenye fotokopi ya mwaka jana, sasa fikiria Kijerumani chenye zile nukta mbili juu ya herufi kwenye karatasi iliyofifia hivyo, hujui ni nukta au ni uchafu wa mashine. Nimemwambia maalim atutumie PDF kwenye wasap kila mtu asome kwenye simu yake, kakubali, hajatuma mpaka leo. Kamusi darasani ni moja na anayekaa karibu nayo ndo mwenye bahati. Na umeme ukikatika feni ikasimama, basi siku hiyo hakuna fasihi, kuna jasho tu.

Lakini namna anavyosomesha, hapo namvulia kofia. Hatoi historia ndefu ya mwandishi kwanza. Anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, polepole, halafu anamchagua mtu aueleze kwa Kiswahili chake mwenyewe, hataki tafsiri ya neno kwa neno, anataka umsimulie mwenzio kama uko barazani. Halafu wengine wanakukosoa. Mtu ndo anaelewa hapo, maana Kijerumani kina tabia ya kukuwekea kitendo mwisho kabisa wa sentensi, unaweza kusoma mistari minne hujajua huyo mtu kafanya nini, sasa ukilazimika kuisimulia hadithi huna pa kujificha.

Hadithi iliyotufungua wote ni ya Wolfgang Borchert, ile ya mkate, Das Brot, ya mwaka 1946. Fupi sana, kurasa mbili na ushei. Ni Ujerumani baada ya vita, njaa, mkate unagaiwa kwa kiasi. Bibi anazindukana usiku saa nane na nusu, anapapasa kitandani mumewe hayupo, anakwenda jikoni anamkuta kasimama na shati lake la kulalia, mezani pana sahani ya mkate, kisu kiko pembeni na chembechembe ziko juu ya kitambaa cha meza, na yeye kila usiku anakisafisha kile kitambaa kabla ya kulala. Kwa hivyo anajua. Mzee anasema eti kasikia kitu kinagonga akaja kutazama. Wameoana miaka 39. Bibi hamwambii muongo we, anasema labda ni lile bomba la maji ya mvua linagonga ukuta, anazima taa ili asiiangalie ile sahani, wanarudi kulala, na kule kitandani anamsikia anatafuna kidogo kidogo kwa siri. Kesho yake jioni anampa vipande vinne badala ya vitatu, anamwambia kula tu, mie mkate huu jioni haunikai vizuri. Mzee anainama kwenye sahani hanyanyui uso.

Bas hapo darasa liliwaka moto. Kuna Bi mkubwa mmoja mwalimu mstaafu, yeye alisema huyo mwanamme hana haya, boflo la nyumba nzima anakwenda kulikata usiku, na mke naye anamlea. Kijana mmoja wa chuo akasema lakini Bi mkubwa si njaa ile. Akamwambia, "Mwanangu, njaa tumeiona sisi, wewe umeisikia." Akatusimulia miaka ya sabini ya foleni za unga na sukari, watu wanapanga mawe kwenye foleni usiku, na nani alikuwa anakula kwa kujificha na nani alikuwa anajifanya kashiba ili watoto wapate. Maalim kakaa kimya kamwacha. Nadhani hii ndo maana yake anapoanza na hadithi hii na si na Goethe. Borchert mwenyewe alikuwa mtu wa Hamburg, vita vilimmaliza, alifariki mwaka 1947 ana miaka 26 tu, siku moja kabla mchezo wake wa kuigiza haujaoneshwa jukwaani mjini kwao.

Kafka nae alikwenda vizuri. Die Verwandlung ya 1915, Gregor Samsa anaamka asubuhi kageuka mdudu. Wengi tunakijua kisa kwa kusikia lakini ukikisoma chenyewe kinachochekesha na kuumiza ni kwamba mtu kageuka mdudu, miguu chungu nzima inamcheza hewani, na anachokifikiria ni kwamba kachelewa treni ya saa kumi na moja! Saa ya kengele kaiweka saa kumi alfajiri, sasa ni saa kumi na mbili na nusu, bosi atasemaje, na deni la wazee wake nani atalilipa. Kuna dada darasani anafanya kazi hoteli moja ya kule Nungwi, anapanda gari ya wafanyakazi alfajiri, alicheka mpaka machozi, akasema huyu si Mjerumani huyu ni sisi. Tukataka picha ya mdudu mwenyewe, maalim akasema Kafka alimuandikia mchapishaji wake mwaka huo huo kumkataza asimchore mdudu kwenye jalada hata kwa mbali. Sasa kila mtu na mdudu wake, wangu mie ni mende.

Goethe... hapa ndo tatizo langu na hii kozi. Maalim anampenda Goethe mapenzi ya kupitiliza. Erlkönig, shairi la 1782, sawa kabisa, baba anakwenda na farasi usiku kamkumbatia mtoto mgonjwa, mtoto anamuona mfalme wa majini anamwita na baba anamwambia ni ukungu tu mwanangu, ni majani tu yale, mpaka wanafika mtoto keshakufa mikononi. "Wer reitet so spät durch Nacht und Wind?" Sote tumelihifadhi kwa moyo, linasomeka vizuri kwa mdundo wake na mtu yeyote aliyelelewa hapa hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto anaona asichokiona baba. Bi mkubwa alisema angesomewa tu yule mtoto. Na ule mkusanyo wake wa 1819, West-östlicher Divan, aliouandika baada ya kumsoma Hafiz wa Shiraz kwa tafsiri ya Kijerumani, nao mtamu, mzee wa Kijerumani kapita miaka 60 anajiandikia mashairi ya mapenzi na mvinyo akimjibu Muajemi aliyekufa zamani huko, waliozoea kasida na ghazali watauona haraka anataka kufanya nini.

Lakini Faust! Faust tumeganda nayo wiki na wiki. Goethe mwenyewe alikuwa nayo kama miaka 60, sehemu ya kwanza ikatoka 1808 na ya pili mwaka 1832 yeye keshafariki, na nnahisi maalim anataka na sisi twende kwa mwendo huo huo. Hakuna asiyeelewa habari ya msomi anayemuuzia shetani roho yake, ila Kijerumani chake ni kizito, mafumbo ya Ulaya ya zamani yamejaa, na watu wakaanza kukosa kuja. Hapa kozi ilipoteza wanafunzi kadhaa na nnawaelewa. Apunguze. Achukue ile sehemu ya Gretchen tu, msichana wa watu aliyeharibiwa akaachwa peke yake na aibu na jela, hiyo inasomeka na ina la kusema, mengine mtu atajisomea akitaka.

Na kilichoniuma zaidi ni kuwa muda huo wa Faust umeliwa kutoka kwa Bibi Salme. Yaani wewe uko Unguja, unasomesha fasihi iliyoandikwa kwa Kijerumani, na kitabu kimojawapo kimeandikwa na mtoto wa Mtoni, binti wa Sultan Said, halafu unampa kikao kimoja? Sayyida Salme alizaliwa 1844 pale kwenye kasri la Mtoni, kuta zake zipo mpaka leo ukipita na gari ya Bububu unaziona upande wa pwani. Alikimbia 1866 kwa kuwa alikuwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Ruete, wakaoana Aden mwaka uliofuata wakenda Hamburg, mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki kijana mjane na watoto watatu kwenye baridi ile. Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kikatoka Berlin 1886. Kwa Kijerumani. Lugha aliyojifunza ukubwani.

Kile kikao kimoja tulisoma anapoelezea alivyojifunza kuandika. Watoto wa kike kule ndani walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana, yeye akachukua Msahafu akawa ananakili herufi mwenyewe kwa siri kwenye mfupa wa bega la ngamia, ndo ubao wao ule. Na kujua huko kuandika ndo kukamtia kwenye fitina za 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Sultan Majid, kaka yao mwengine, maana barua za njama alikuwa anaandika yeye, msichana wa miaka 15. Kijerumani chake ni chepesi kuliko cha Goethe mara kumi, unakielewa, na majina yamo humo humo, Bet il Mtoni, Bet il Sahel, vyakula, mavazi, sikukuu, mtu unasoma unasema hii naijua, na pengine unasema hapana hapa bibi umepamba, khasa anapowatetea mabwana wa watumwa. Hapo palihitaji mjadala wa siku nyingi, kijana wa chuo alikuwa keshanyanyua mkono, adhana ikaadhiniwa na wiki iliyofuata tukarudi kwa Faust. Inauma jamani. Walio kwenye kazi ya utalii ndo wangefaidika zaidi, kwani wageni wa Kijerumani wanakuja na jina la Salme mdomoni na wengi wetu tunawajibu kwa kile tulichosikia kwa mwenzetu.

Nakubali lakini kuna kitu alikifanya vizuri, alitwambia makaratasi ya Bibi Salme na vitabu vya mwanawe Rudolph havikubaki Ujerumani, viko Leiden, Uholanzi, na huko ndo zilikochapishwa barua zake mwaka 1993. Akasema sasa na sisi tunavuka kwenda Leiden. Ndo tukaingia Kiholanzi.

Pembeni kidogo: kama unawatembeza Wajerumani usiwape ile hadithi ya "mliwapa Waingereza Unguja mkachukua Helgoland" bila ya kujua mwisho wake. Mkataba ni wa 1890 kweli, lakini Unguja haikuwa ya Mjerumani hata siku moja ya kumpa mtu, alichofanya ni kukubali tu Muingereza aiweke chini ya ulinzi wake. Na kile kisiwa cha Helgoland ndiko Hoffmann von Fallersleben alikoandika mwaka 1841 shairi ambalo ubeti wake wa tatu ndo wimbo wa taifa wa Ujerumani hivi leo, na wakati anauandika kisiwa kilikuwa cha Muingereza. Hilo mwambie mgeni uone anavyoshangaa.

Haya Kiholanzi. Wasiwasi wa wengi ni kwamba lugha hatuijui, ile tuliyoingia nayo ni Kijerumani tu. Si tatizo kama unavyofikiri, ukishakuwa na Kijerumani cha kusomea unashtukia maneno mengi unayaotea, na maalim anatoa karatasi ya msamiati kabla. Matamshi tu ndo kazi, kile kikhe chao cha kooni, lakini sisi tuliopita chuoni kwa maalim wa Kurani kikhe si mgeni, watu wa bara walipata tabu sisi tukawacheka.

Alianza na mstari mmoja tu, maandishi ya Kiholanzi cha kale ya karibu mwaka 1100, yaligunduliwa Oxford mwaka 1932, mtu alikuwa anajaribu kalamu yake pembeni ya kitabu akaandika kwamba ndege wote wameshaanza kujenga viota isipokuwa mimi na wewe, tunangoja nini sasa? Miaka 900! Dada wa Nungwi akasema hili jina la kanga hili, na siku hiyo hiyo nusu ya darasa wameliweka kwenye stetasi, sijui walengwa waliwaelewa.

Halafu Max Havelaar. Kitabu hichi ndo kinachonifanya nikwambieni mwende. Kimetoka 1860, mwandishi Eduard Douwes Dekker akijiita Multatuli, mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uholanzi kule Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Kinaanza na dalali wa kahawa Amsterdam anajitambulisha, mie ni dalali wa kahawa na nnakaa Lauriergracht namba 37, jina lake Droogstoppel, na jamaa anachosha kwa makusudi, anajisifu, anahubiri, anachukia mashairi kwa sababu eti yanasema uongo, kila anachokitazama anakipima kwa kahawa. Sisi tulikuwa tunacheka tu kwa sababu madalali wa namna hiyo kila mmoja wetu ana wake. Halafu taratibu kitabu kinakuhamisha kutoka ofisini kwa yule mtu mpaka Java, kule kahawa yenyewe inakotoka, na kicheko kinakukwama. Wanavijiji wanalazimishwa kulima mazao ya kuuza Ulaya badala ya mpunga wao, ni utaratibu ulioanza 1830, wakubwa wa kienyeji wanawanyang'anya mifugo na serikali ya Kiholanzi inajua na inanyamaza mradi kahawa inafika. Dekker aliyaona alipopangiwa wilaya ya Lebak mwaka 1856, akalalamika, hakusikilizwa, akaacha kazi. Na kitabu kilipotoka mara ya kwanza, mtu aliyesimamia uchapishaji alifuta majina ya miji akaweka nukta nukta kusudi kisiwaudhi wakubwa.

Ndani yake kuna kisa cha Saidjah na Adinda, hicho tulikisoma chote. Nyati wa kulimia wa baba yake Saidjah anachukuliwa, baba anauza kisu cha urithi kununua mwengine, naye anachukuliwa. Saidjah anakwenda mjini kutafuta kazi ili arudi na pesa ya nyati na ya kumuolea Adinda. Wanaahidiana akirudi baada ya miezi 36 wakutane chini ya mti fulani, pale msichana alipompa ua. Maalim akasimama akatuuliza huo mti mnaujua? Ni mkungu! Mkungu huu huu tuliokuwa tunautupia mawe tukitoka skuli. Na ua lenyewe ni asumini. Darasa zima kimya, unajua tena mtu anasoma kitabu cha Mholanzi anategemea theluji, anakutana na mkungu na asumini. Saidjah anarudi, anangoja chini ya mti tokea usiku mpaka jua linapanda, Adinda haji. Mwisho wake siusemi, someni, ila wanajeshi wa Kiholanzi wamo.

Pale darasani tunae mzee mmoja wa Pemba, karafuu kazilima na kuzinunua maisha yake yote, sehemu ya Kijerumani alikuwa kimya anasinzia kidogo. Siku hiyo alizinduka. Akamuuliza maalim, hao Waholanzi si ndo walokuwa na karafuu kabla yetu? Maalim akasema naam Mzee wetu, ndo hao hao, kampuni yao ya VOC iliyoanzishwa 1602 ilitaka karafuu iote Ambon na visiwa vya karibu yake tu, kwengine kote kule kwenye visiwa vya Maluku miti ikakatwa ili bei isishuke, mpaka Wafaransa walipoiba miche karibu na mwaka 1770 wakaipeleka Mauritius, na kutoka upande huo ndo ikatufikia sisi karne ya 19. Mzee akacheka peke yake. Akasema, "Kwa hivyo mkarafuu wangu wa Wete ni wa wizi." Kuanzia hapo kila kikao alikuja mapema na kila ukurasa wa Droogstoppel aliueleza yeye, Kiholanzi hajui hata salamu, lakini dalali anavyomzungumza mkulima akiwa hayupo, hilo hakuhitaji kamusi. Sijawahi kuona fasihi inasomwa namna ile, wala mie chuoni sikuisoma hivyo.

Kasoro ya sehemu hii ni kuwa Kiholanzi cha 1860 tahajia yake si ya sasa, na tumesoma vipande tu kwa sababu ya fotokopi zile zile. Kisha mwisho umebanwa. Anne Frank kapewa siku chache wakati ndo mfano mzuri kuliko wote wa kwa nini hizi fasihi mbili zikasomwa chumba kimoja, mtoto amezaliwa Frankfurt 1929, familia ikawakimbia Wanazi hadi Amsterdam, akaandika shajara yake kwa Kiholanzi, sehemu kubwa akiwa mafichoni, kuanzia Juni 1942 mpaka Agosti mosi 1944, na ikachapishwa 1947 baada ya yeye kufa kambini. Vijana walimpenda kwa sababu anamlalamikia mama yake na anagombea meza ya kuandikia na mtu mzima waliyepangwa nae chumba. Na Oeroeg ya Hella Haasse ya 1948, urafiki wa mtoto wa Kiholanzi na wa Java unavyokufa wakikua, tumeambiwa tujisomee nyumbani, nyumbani kwa kitabu gani sasa?

Swali jengine mnaloniuliza ni Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa hapa Unguja. Ndio anatajwa, hasomeshwi, kwa vile anaandika Kiingereza. Ila maalim alituonesha kwenye riwaya yake Afterlives pale afisa wa Kijerumani anapompa askari wake Hamza kitabu cha Schiller, mshairi wa Kijerumani, tukabishana kama ile ni zawadi au ni mzigo. Bi mkubwa alisema zawadi ya mtu anayekupiga inaitwa fidia. Kijana wa chuo akasema lakini kitabu ni kitabu. Hawajapatana mpaka leo.

Nyota nampa nne kwa tano. Iliyokatika ni ya Faust na fotokopi, nusu kwa nusu. Wakinamama, choo kipo chini na kina maji, na wanawake darasani si haba, msihofu. Anayetoka mashamba ajue gari za jioni, kikao kikirefuka utasubiri sana kituoni Darajani. Muhula mpya maalim kasema unaanza baada ya sikukuu, na tumemshikilia safari hii aanze na Bibi Salme kwa mwezi mzima halafu Max Havelaar, Goethe asubiri. Kasema atafikiria. Mkienda kamateni viti vya dirishani, kile cha chini ya feni kina mguu mbovu, na mchukue mabuku yenu ya kuandikia maana karatasi pale hata ya kufutia mikono hakuna.